Kizuri Hakijiuzi Mtandaoni

Hotuba hii niliitoa Jumamosi alasiri katika ukumbi wa kanisa mtaani Buruburu, mbele ya wanachama wa vyama kadhaa vya akiba vya Eastlands, Nairobi. Nimeiandika yote kwa ajili ya wenzetu waliokuwa kazini au walionyeshewa na mvua njiani wakarudi nyumbani.

Mwenyekiti wa kikao, mama zangu mlioketi safu za mbele, ndugu na dada, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma mkijifanya mmekuja kumsindikiza mtu: hamjambo?

Nimeombwa nizungumze juu ya vizuizi vilivyomo akilini mwa mtu anayetaka kuanza biashara mtandaoni. Nilipopewa mada hii nilicheka kidogo, kwa sababu aliyenialika alidhani anamwita mtu aliyevishinda vizuizi hivyo, ilhali mimi ni mtu aliyekaa miezi minne na simu nzuri mkononi, wateja wanaoniulizia na mzigo chumbani, bila kuthubutu kutuma picha hata moja. Basi nitaanza na miezi hiyo minne.

Wengi wenu mnaikumbuka alfajiri ya tarehe 28 Juni 2018. Moto uliozuka katika soko la Gikomba siku hiyo uliua watu wasiopungua 15 na kuteketeza vibanda vingi, kimojawapo kikiwa changu. Nilikuwa nikiuza mashuka na mapazia ya mtumba. Sitausimulia moto wenyewe, kwa maana humu ndani wamo waliopoteza zaidi ya vitambaa. Ninachotaka mkijue ni kilichobaki. Nyumbani Kayole nilikuwa nimeacha beli moja ambayo haijafunguliwa, na ndani ya simu nilikuwa na nambari za wateja 43, wanawake ambao kwa miaka tisa walikuwa wakija asubuhi na mapema kuchagua kamera, yaani vile vipande bora kabisa, kabla mzigo haujaguswa na wengine. Walinipigia kunipa pole. Na kila aliyenipa pole alimalizia kwa swali lile lile: "Sasa tutakupata wapi?"

Niliwajibu nini? Niliwajibu kwamba nitawaambia. Julai ikapita, Agosti ikapita, Septemba ikapita, Oktoba ikapita, na sikumwambia mtu.

Je, nilikosa mtaji? Beli ilikuwa pale pembeni mwa kochi, watoto wakiikalia wakitazama runinga. Je, nilikosa wateja? Walikuwa wakinitafuta. Je, nilikosa njia ya kulipwa? M-Pesa ilikuwapo tangu Machi 2007, na mimi mwenyewe nilikuwa nikilipia unga na stima kwa simu hiyo hiyo. Nilichokosa ni kitu ambacho sikuweza hata kukitamka mbele ya mume wangu. Niliona haya.

Ndugu zangu, hebu tulitazame jambo hili vizuri, maana ndilo lililonileta hapa. Gikomba nilikuwa nikisimama juu ya meza na kuita kwa sauti, "Mia mbili! Mia mbili! Chagua mama, chagua!" Niliita hivyo miaka tisa bila haya yoyote. Mbona basi nilishindwa kuandika maneno yale yale kwenye simu? Nilishindwa kwa sababu sokoni nilikuwa nikiwapigia kelele watu nisiowajua, nao hawanijui. Stetasi ya WhatsApp, kwa upande wake, huanza kuonwa na wanaokujua: mchungaji, shemeji, mwalimu wa mtoto, na yule msichana mliyesoma naye darasa moja ambaye leo ni wakili. Mtandao tunaambiwa kwamba ni soko la dunia nzima. Hilo huenda likawa kweli baadaye. Siku ya kwanza mtandao ni kijiji chako, na mtu huona haya kijijini kwake kuliko mahali pengine popote.

Haya hizo hazikuanza na simu. Tumelelewa nazo. Nani humu hajaambiwa kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza? Nimeiheshimu methali hiyo maisha yangu yote, na leo nasimama mbele yenu kuishtaki. Aliyeisema alikuwa akizungumza juu ya soko lenye njia. Kitu kimewekwa mahali, watu wanapita, jicho linakiona, mkono unakigusa, kizuri kinajiuza. Mtandaoni nani anapita? Shuka iliyo chumbani mwako Kayole haina njia mbele yake. Inaweza kuwa shuka bora kuliko zote zilizoko Nairobi na ikaliwa na nondo hapo ilipo. Kwenye simu, kizuri kisichojitembeza hakipo. Narudia kwa ajili ya wale walio nyuma: hakipo.

Mfikirieni makanga, yule anayeitia matatu abiria, pale kituo cha Railways jioni. Anaita, "Rongai! Rongai!" Mbele yake wanapita watu wanaokwenda Embakasi, wanaokwenda Kibera, wanaokwenda kupanda treni. Je, mmewahi kumwona mtu wa Embakasi akisimama kumkemea kwa nini amemtajia Rongai? Anapita zake. Na makanga, je, hujiuliza kwamba pengine watu wamechoka kuisikia Rongai leo? Hajiulizi, maana anajua kwamba anayekwenda Rongai yumo katikati ya umati ule na anaitafuta sauti yake. Wengine wote hawamkasirikii na hata hawamkumbuki.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani, wakiongozwa na Thomas Gilovich, walichapisha matokeo ya jaribio la kuchekesha kidogo. Waliwavisha wanafunzi fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, ambaye vijana wale waliona aibu kuonekana wamemvaa kifuani, kisha wakawaingiza katika chumba chenye wenzao. Waliovaa walikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwa chumbani wameiona fulana ile. Walipoulizwa wenyewe, walioiona walikuwa takriban robo tu. Yaani macho tunayodhani yametuelekea ni maradufu ya yaliyotuelekea kweli. Watu wana shida zao. Mwenzako anaipitisha stetasi yako kwa kidole akiwa ndani ya matatu, akifikiria karo.

Sasa mtauliza kilichonitoa katika aibu ile. Natamani ningesema ni ujasiri. Ni simu ya mteja mmoja wa Donholm, mwanamke asiye na maneno mengi, aliyenipigia mwanzoni mwa Novemba akiwa na hasira. Alikuwa amenunua mashuka kwa mtu mwingine, yakachanika katika ufuaji wa pili, kisha akasikia kwa jirani kwamba mimi nina beli zima nyumbani. Akaniuliza, "Kwa nini unanificha?" Nilitaka kumweleza kwamba simfichi, ninaona haya tu kumsumbua. Kabla sijasema nikajisikia nilivyo mjinga. Kimya changu nilikuwa nimekiita unyenyekevu, na kumbe kwake yeye kilikuwa choyo.

Usiku ule nilipiga picha tisa juu ya kitanda changu, nikaandika bei, nikazituma, kisha nikaizima simu na kuiweka kabatini kama mtu aliyeiba. Asubuhi watu watatu walikuwa wamejibu. Mmoja alinunua. Shemeji aliomba mashuka mawili kwa mkopo, na nikajifunza siku ile ile kumkatalia shemeji kwa heshima, somo ambalo hakuna anayekufundisha. Mke wa mchungaji aliagiza mapazia ya sebule nzima. Na yule wakili? Mpaka leo sijui kama aliziona.

Haya ina dada yake, nayo ni lugha. Jirani yangu mmoja, mama wa makamo, husaga unga wa uji kwa kuchanganya wimbi, mtama na mahindi kidogo. Unga wake unajulikana mtaani kote, na yeye mwenyewe ana ulimi wa kuuza. Ukisimama mbele ya meza yake dakika moja atakuuliza mtoto wako ana miezi mingapi, halala kwa nini, na utaondoka na kilo mbili ulizokuwa hukuzipanga. Alipoamua kuuza mtandaoni alimwita mwanawe aliyeko chuoni, akamwambia, "Niandikie kwa Kiingereza." Kijana akaandika tangazo la Kiingereza lililonyooka, lenye maneno marefu kuhusu lishe na madini. Likakaa wiki tatu, hakuna aliyepiga.

Nilimuuliza kwa nini hakuandika mwenyewe. Aliinamisha macho, akaniambia, "Mimi niliishia darasa la saba. Watu wa mtandao ni wasomi." Ndugu zangu, wateja wake ni akina nani? Ni akina mama wenye watoto wachanga kutoka Kayole, Umoja na Komarock, ambao jana walizungumza naye Kiswahili mezani pake na kesho watazungumza naye Kiswahili. Wamegeuka kuwa wasomi wa Kiingereza kwa sababu wameshika simu? Nilimwomba afanye jambo moja tu: ashike simu, abonyeze palipo na alama ya kurekodi, aseme yale anayomwambia mteja mezani. Alirekodi ujumbe wa sauti wa chini ya dakika moja. Ndani yake unasikia kuku, unasikia mtoto akilia, na unamsikia akisema kwamba unga huu usipikwe kwa haraka, uache utokote. Ujumbe ule ulitumwa na walioupokea kwa wengine, kutoka kundi la wazazi wa shule hadi kundi la kanisa, kwa sababu kila aliyemjua aliitambua sauti yake na kila asiyemjua alitaka kumjua. Leo mwanawe hufungasha mizigo, na mama mwenyewe huzungumza. Hivyo ndivyo kazi ilivyopaswa kugawanywa tangu mwanzo.

Sisemi Kiingereza kina ubaya. Mwenye kuuza bidhaa kwa wageni wa Westlands atakihitaji. Nasema mtu asisubiri kuwa mtu mwingine ndipo auze.

Na hapo kwenye kusubiri nina neno na vijana.

Nimemfahamu kijana mmoja wa Umoja anayeuza viatu vya mitumba vilivyosafishwa, na anajua kusafisha kiatu hadi ukadhani kimetoka dukani. Alikaa miezi minane akijiandaa. Alitengeneza nembo yenye kichwa cha simba, nzuri kweli. Alihudhuria mafunzo matatu ya bure na moja la kulipia. Alifungua daftari la hesabu, akaandika mpango wa miaka mitano, akachagua rangi za kurasa zake. Nilipomuuliza ameuza jozi ngapi mtandaoni, aliniambia bado hajazindua. Kujiandaa kule, tusidanganyane, kulikuwa ni woga uliovaa suti. Kila siku alifanya kazi, kila siku alichoka, na hakuna siku aliyojiweka mahali ambapo mtu angeweza kumwambia, "Sitaki."

Hapa nataka kuwaletea habari kutoka kwa wenzetu wa Afrika Magharibi. Mjini Lomé, Togo, watafiti waliwachukua wenye biashara ndogo 1,500 wakawagawa katika makundi matatu ya watu 500 kila moja. Kundi moja lilifundishwa yale tunayofundishwa siku zote, yaani hesabu, masoko na usimamizi. Kundi la pili lilipewa mafunzo yaliyotokana na saikolojia, ya mtu kujituma: kuanza jambo kabla ya kuambiwa, kutazama mbele, kutokata tamaa anapokwama na kutafuta njia nyingine. Kundi la tatu halikufundishwa chochote. Wakafuatiliwa kwa zaidi ya miaka miwili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Faida ya waliofundishwa kujituma ilipanda kwa asilimia 30 ikilinganishwa na wasiofundishwa. Ile ya waliofundishwa hesabu ilipanda kwa asilimia 11, tofauti ndogo kiasi kwamba watafiti hawakuweza kusema kwa yakini kuwa haikutokana na bahati. Sikilizeni vizuri: sikusema mchome madaftari yenu. Nimesema kwamba daftari halimtoi mtu mlangoni.

Kijana wetu wa viatu alipoanza hatimaye, alikuja na kizuizi kingine ambacho nakiona kila siku, na naomba mwenye nacho asinikasirikie. Chini ya kila picha aliandika, "Bei njoo inboksi." Kwa nini? Alinipa sababu nyingi: washindani wataiona, mteja akiingia inboksi utambembeleza. Nikamuuliza kama mama mboga huficha bei ya sukuma wiki akasubiri umnong'oneze sikioni. Mwishowe alikiri kwamba anaogopa kuandika shilingi 1,800 hadharani na mtu kumwandikia, "Hiyo ni ghali." Anayeficha bei amekwisha kujitilia shaka kabla mteja hajafika, na mteja huinusa shaka hiyo. Aliandika bei. Maswali yalipungua sana, akanijia amehuzunika. Nikamwambia ahesabu mauzo, asihesabu maswali. Waliokuwa wameondoka ni wale waliokuwa wakiuliza ili wapitishe muda.

Kuhusu hasara nitasema machache, kwa kuwa kila mmoja ana yake. Mimi yangu ilikuwa shilingi 3,200. Mnunuzi alinitumia picha ya ujumbe wa malipo, nikampa mtu wa boda boda mapazia, na jioni nikagundua kwamba pesa hazijaingia na ujumbe ulikuwa wa kughushiwa. Niliacha kuuza wiki tano. Hebu nilinganishe: nilikuwa nimepoteza 3,200 kwa mwizi, kisha kwa wiki hizo tano nikapoteza kwa hiari yangu mwenyewe faida iliyozidi hizo mara kadhaa. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman na mwenzake Amos Tversky waliandika mwaka 1979 juu ya tabia hii ya binadamu, kwamba kupoteza kunauma kuliko kupata kiasi kile kile kunavyofurahisha, na makadirio yao ya baadaye yaliufanya uchungu huo kuwa takriban maradufu. Kwa hiyo usijilaumu ukiumia. Umeumbwa hivyo.

Wahenga nao hawakumcheka mwoga. Walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, nami sitawaita muwe mashujaa wa kutupa pesa za karo. Mimi nilifanya hivi: nilitenga shilingi 2,000 kila mwezi na kuzihesabu kama zimekwisha kupotea. Zikiibiwa, zilikuwa zimekwenda tayari. Zisipoibiwa, naongeza mzigo. Na tangu siku ile sitoi mzigo kwa picha ya ujumbe. Nasubiri ujumbe uingie kwenye simu yangu mimi, kisha naangalia salio. Hofu yangu haikuisha. Niliipa kazi ya kufanya.

Kuna mmoja wenu aliyeniambia pale mlangoni kwamba hapandishi picha kwa sababu KRA, mamlaka ya kodi, itamwona. Mama yangu, nakuheshimu, lakini hebu tuzitaje tarakimu. Tangu mabadiliko ya mwaka 2023, kodi ya mauzo ya biashara ndogo ni asilimia 3, nayo huwahusu wenye mauzo yanayozidi shilingi milioni 1 kwa mwaka na yasiyozidi milioni 25. Uliniambia unauza kama elfu arobaini kwa mwezi. Piga hesabu ya miezi kumi na miwili, utaona uko wapi. Taarifa zako za kodi za kila mwaka uzipeleke, hilo ni lazima. Ila usimkimbie simba ambaye bado yuko Tsavo.

Sasa niseme jambo ambalo wazungumzaji wa mada hizi hawapendi kulisema. Si kila kizuizi kimo akilini. Mtu asiye na pesa za bando hana tatizo la mawazo, ana tatizo la bando. Mama anayemuuguza mtoto usiku kucha asiambiwe kwamba hajajiamini. Na mkimwona mtu anayewatoza elfu tano ili awafunulie siri ya kufaulu mtandaoni, jiulizeni ni bidhaa gani anayouza. Mara nyingi utakuta bidhaa ni wewe. Nimezungumza juu ya aibu na woga kwa sababu hivyo viwili ndivyo vilivyonigharimu mimi miezi minne, na nilikuwa na beli, nilikuwa na bando, nilikuwa na wateja. Kama wewe huna hivyo, anzia huko kwanza, na vyama hivi vya akiba vipo kwa kazi hiyo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Chai iko tayari na mandazi yanapoa, lakini nina ombi moja, nalo ni la sasa hivi. Toeni simu zenu. Ndiyo, hata ninyi wa nyuma. Kila mmoja atafute picha moja ya kitu anachouza. Asiye na picha amwombe jirani yake ampige picha akiwa ameshika alichovaa, alichosuka au alichooka. Andika jina la kitu. Andika bei, kwa tarakimu. Andika mtaa uliko. Usiandike samahani kwa usumbufu. Sasa kidole kiko juu ya alama ya kutuma, na najua mnavyojisikia, maana naziona nyuso zenu. Yule mama wa safu ya pili ametuma tayari. Na wewe kijana uliyesimama karibu na nguzo, nimekuona ukiifuta bei. Irudishe, tunakungoja.